AC haipoozi: kabla hujakubali kwamba gesi imeisha

Fundi akifika nyumbani kwako Sahare au Chumbageni hapa Tanga, akagusa bomba la mashine ya nje na kusema gesi imeisha, muulize kwa upole: imekwenda wapi? AC ikifanya kazi, gesi yake haiungui wala hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kiasi kilichowekwa siku ya kufunga mashine ndicho kinachopaswa kuwamo miaka 10 baadaye. Jokofu la jikoni linatumia gesi kwa namna hiyohiyo na hakuna anayeliongezea kila mwaka. Kwa hiyo gesi ikipungua, kuna mahali panavuja. Na kama hapavuji, ugonjwa uko kwingine, na hela ya gesi inakwenda bure.

Naliandika hili kwa sababu Tanga kila kaskazi ikianza, watu wanalipia gesi ileile waliyoilipia mwaka jana. Hela hiyo ni ada ya shule, ni unga, ni nauli. Inauma kuona mtu anailipa mara tatu kwa tatizo ambalo lilikuwa filta chafu.

Kwanza tuelewane mashine hii inafanya nini. AC ni pampu ya joto. Haitengenezi baridi, inachota joto la chumbani na kulimwaga nje. Koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa, inapokea joto, kompresa inasukuma gesi, koili ya nje inatoa joto hilo hewani. Ukishaishika njia hiyo, dalili nyingi zinajieleza zenyewe: ama joto halichotwi ndani, ama halisukumwi, ama halimwagiki nje. Nchi za baridi kama Sweden wanaitumia mashine ya ukoo huohuo kwa kuigeuza: wanazika mabomba ardhini, wanavuta joto la udongo na kuliingiza ndani ya nyumba. Wapo wanaouliza kama na sisi tuzike mabomba ili joto letu tulimwage ardhini. Udongo wa mita kadhaa chini hukaa karibu na wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima, na hapa kwetu wastani huo ni kama nyuzi 26. Mchana wa Februari hewa ya Tanga inafika nyuzi 32 au 33. Tofauti ni ndogo mno kulipa gharama ya kuchimba. Hela hiyo ipeleke kwenye dari, na kwenye kivuli cha mashine ya nje.

Anza hapa, bila kufungua kitu

Tazama rimoti. Alama ya theluji ndiyo ya kupooza. Tone la maji ni kukausha hewa, feni ni kupuliza tu, jua ni kupasha joto. Mtoto akiichezea rimoti ikabaki kwenye feni, mashine itapuliza usiku kucha bila kupooza, na haina kosa lolote. Weka theluji, weka nyuzi 24, kisha subiri. Baada ya kuwashwa, kompresa nyingi husubiri kama dakika 3 kabla ya kuanza, na huko ni kujilinda.

Kisha fungua kifuniko cha mashine ya ndani, chomoa filta, zioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, zianike kivulini. Kama unakaa Kange au Pongwe karibu na barabara ya vumbi, fanya hivyo kila wiki mbili.

Sasa pima. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha. Mashine ikiwa imefanya kazi dakika 15, pima hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani, halafu hewa inayotoka mdomoni. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inapooza vizuri na lawama si yake. Siku zenye unyevu mwingi tofauti itakuwa upande wa 8, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu inatumika kukamua maji hewani. Basi kama tofauti ni nzuri na chumba bado kina joto, angalia chumba: bati lisilo na dari, dirisha la vipande vya vioo visivyofunga vizuri, mlango unaoachwa wazi, jua la magharibi linalopiga kwenye kioo bila pazia. Hapo hata uweke gesi ya mitungi miwili, chumba hakitapoa.

Tofauti ikiwa ndogo, tuendelee.

Ndani inapuliza, nje kimya

Nenda nje ukasikilize. Kama feni haizunguki na hakuna mngurumo wowote, tatizo ni la umeme au la amri, na kwa kawaida gesi haihusiki. Anza na breka. Kama imejikata, irudishe mara moja tu. Ikikata tena, iache hivyo na uite fundi, maana kuna waya uliochunika au kompresa inayovujisha umeme kwenye chuma cha nje cha mashine, na chuma hicho ndicho kinachoguswa na watoto wanaocheza uani. Mashine isiyo na waya wa ethi haifai kuwashwa, hata kama inapooza vizuri ajabu.

Breka ikiwa nzima, kuna sababu nyingine za kawaida hapa pwani: mijusi na sisimizi. Wanaingia kwenye sanduku la umeme la mashine ya nje kutafuta joto, mjusi anakufa katikati ya kontakta, swichi inayoipa kompresa umeme, na kontakta haigusani tena. Waya unaounganisha mashine mbili nao hupata kutu kwenye skrubu zake. Fundi akizima umeme, akasafisha na kukaza, kazi imekwisha.

Inanguruma, inatoa "tak", inanyamaza

Kompresa inajaribu kuanza na kushindwa. Inanguruma sekunde chache, kinga yake inakata, baada ya dakika kadhaa inarudia. Feni ya nje inaweza kuwa inazunguka kama kawaida, ndiyo maana watu wanadhani kompresa nayo inafanya kazi na kwamba kilichopungua ni gesi. Hii ndiyo dalili inayouziwa gesi kuliko zote, na karibu kila mara mkosaji ni kapasita au volti.

Kapasita ni kile kikopo kinachoisaidia kompresa kuanza. Namba yake imeandikwa ubavuni, kwa mfano maikrofaradi 35. Kipimo kikionyesha 28, kimechoka hata kama hakijavimba. Joto la kaskazi hukichosha haraka. Kubadilisha ni kazi ndogo na ya bei nafuu ukilinganisha na gesi, lakini usiifanye mwenyewe: kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, na lazima ikamuliwe kabla ya kuguswa.

Volti ni habari nyingine. Umeme wetu ni volti 230. Kompresa ya kawaida ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) hutumia kama ampea 5 ikishaanza, lakini wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Kama waya ni mwembamba, au umetolewa kwenye soketi ya chumba kingine kwa ekstensheni, volti zinaporomoka wakati uleule kompresa inapozihitaji. Kwa hiyo kupima soketi wakati mashine imezimwa hakukuambii kitu. Mita ya volti iwekwe kwenye vituo vya nyaya vya mashine ya nje, kisha mashine iwashwe, na macho yabaki kwenye mita. Zikishuka kutoka 225 hadi 170, umempata mwizi. Pima tena kwenye mita ya LUKU wakati kompresa inaanza. Kama pale volti hazikushuka, waya wa ndani ya nyumba au kiungio kilicholegea ndicho chenye kosa. Kwa BTU 12,000 ninashauri waya wa milimita za mraba 2.5 wa peke yake kutoka kwenye breka yake. Kama pale nako zimeshuka, ni laini ya mtaa, toa taarifa TANESCO ukiwa na saa na kipimo ulichosoma. Mtaani volti hushuka zaidi kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, kila nyumba ikiwa imewasha, kwa hiyo fundi anayekuja saa tano asubuhi ataondoka akisema hajaona tatizo. Muombe aje jioni.

Alfajiri inapooza, saa nane mchana inashindwa

Hapa joto halimwagiki nje. Mashine ina nguvu, gesi ipo, lakini koili ya nje imezibwa au inapumua hewa yake yenyewe.

Simama nyuma ya mashine ya nje utazame mapezi ya alumini. Vumbi la barabarani, manyoya ya kuku, majani makavu ya mwarobaini, na kwa wanaoishi upande wa Amboni na Pongwe, vumbi la chokaa ambalo likilowana na umande linaganda kwenye mapezi kama plasta. Zima umeme kwenye breka, osha kwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo, na inapowezekana toka ndani kwenda nje ili uchafu usisukumwe katikati. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi, usiitumie. Na maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kabisa. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na utakuwa unaiongezea mashine sumu ileile unayotaka kuiondoa.

Ikiwa safi na bado inashindwa, tazama ilikowekwa. Wengine wameijengea kizimba cha nondo na karatasi ya bati kwa kuogopa wezi, na hewa ya moto inagonga bati na kurudi nyuma. Wengine wameweka mashine mbili zinatazamana kwenye ujia mwembamba, kila moja inampulizia mwenzake. Ukutani upande wa magharibi bila kivuli, chuma kinapikwa kuanzia saa saba. Nondo hazina ubaya. Bati ndilo la kuondoa. Kivuli kiwe juu, mbele na nyuma paachwe wazi.

Feni ya nje inayozunguka polepole inatoa dalili hizohizo, na mara nyingi ni kapasita yake ndogo.

Barafu

Barafu inaonekana kama mashine inapooza kupita kiasi, kumbe imekwama. Itazame ilipo, kwa kuwa mahali ilipo panakwambia sababu.

Ikifunika koili ya ndani yote na bomba nene hadi nje, hewa haipiti. Filta chafu, koili chafu, au gurudumu la feni ya ndani lililojaa utando wa vumbi na ukungu. Gurudumu hili halionekani ukifungua kifuniko. Mulika kwa tochi mdomoni mwa mashine. Likiwa jeusi na mapanga yake yamejaa, filta pekee hazitasaidia, inabidi lishushwe na kuoshwa.

Ikiganda sehemu ndogo tu ya koili ya ndani, au kwenye bomba jembamba peke yake huku bomba nene likiwa na uvuguvugu, basi ndiyo, gesi huenda imepungua, au kuna mahali pameziba ndani ya bomba. Hapo ndipo neno gesi linapata haki yake ya kutamkwa.

Kwa hali zote mbili, zima, acha iyeyuke yenyewe, weka ndoo. Barafu isichokonolewe kwa bisibisi. Tundu moja kwenye koili, na tatizo la kuosha limegeuka tatizo la kununua.

Maji ukutani

Tanga mashine moja inaweza kutoa ndoo ya maji kwa usiku mmoja, hewa yetu ilivyo. Maji hayo yanatoka kwa mteremko tu, hayasukumwi. Bomba la kutoa maji likipanda hata kidogo njiani, au ncha yake ikizama kwenye ndoo au dimbwi, maji yanarudi chumbani. Mara nyingi limezibwa na utelezi wa kijani. Livutwe uchafu kwenye ncha yake ya nje kwa mashine ya kufyonza, au lisukumwe kwa maji. Mashine ya ndani nayo isiinamie upande usio na bomba.

Bomba hilo lisiingizwe kwenye chemba ya choo. Harufu ya choo itapanda chumbani, na utanunua manukato bila mafanikio.

Baridi inayonata

Chumba kimepoa, mashuka yana unyevu, nguo kabatini zinaota ukungu, na mwenye nyumba anaambiwa anunue mashine kubwa zaidi. Afadhali asinunue, kwa sababu ukubwa wenyewe ndio unaoleta tatizo hilo. Mashine ya BTU 24,000 kwenye chumba cha mita 4 kwa 4 inashusha joto kwa dakika chache na kuzima, kabla haijakamua maji ya kutosha. Inawaka, inazima, inawaka. Kwa chumba hicho chenye dari, BTU 9,000 hadi 12,000 kwa kawaida zinatosha. Mhandisi Willis Carrier alipobuni mfumo wake wa AC mwaka 1902 huko Brooklyn, Marekani, shida ilikuwa unyevu katika kiwanda cha uchapaji, karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa na rangi hazikai mahali pake. Kukausha hewa ni nusu ya kazi ya mashine hii, na kwetu pwani naona ni zaidi ya nusu.

Kama mashine kubwa imeshanunuliwa, shusha kasi ya feni ya ndani, tumia alama ya tone la maji nyakati za masika, na usiache madirisha wazi mchana kutwa kisha ukaiwasha usiku.

Ndani moto, nje baridi

Hii ni nadra. Mashine zenye uwezo wa kupasha joto zina vali ya kugeuza njia ya gesi. Ikikwama, mashine ya nje inapuliza hewa baridi uani na ya ndani inapuliza moto. Koili ndogo ya umeme ya vali hiyo au bodi ya elektroniki ya mashine ndiyo ya kupimwa.

Gesi imepungua kweli

Umeshaosha, umeshapima volti, hewa inapita, tofauti ya joto bado nyuzi 3 au 4. Sasa fundi afunge geji, yaani kipimo cha presha. Mashine ikiwa inafanya kazi, upande wa kuvuta, yaani bomba nene, wa mashine ya gesi aina ya R22 huwa karibu na PSI (kizio cha presha) 60 hadi 70; za gesi aina ya R410A na R32 huwa karibu na PSI 110 hadi 130. Mashine ikiwa imezimwa, geji haisemi kiasi cha gesi: maadamu kuna tone la gesi iliyo katika hali ya maji ndani, presha inafuata joto la siku hiyo tu. Kwa hiyo fundi anayesoma geji ya mashine iliyozimwa na kukwambia imebaki nusu, amekisia.

Ikithibitika imepungua, kazi ya kwanza ni kutafuta inapovuja. Hapa kwetu panavuja sehemu mbili zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni kwenye nati za mabomba ya shaba, pale ncha ya bomba ilipopanuliwa vibaya au kukazwa kupita kiasi. Doa la mafuta kwenye nati ni ushahidi tosha. Povu la sabuni litaonyesha mengine. Ya pili ni koili yenyewe, na hapa bahari ina mkono. Chumvi ikikaa kwenye unyevu kati ya mapezi ya alumini na mabomba ya shaba, metali hizo mbili zinaanza kulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Nyumba za Raskazone zinazotazama maji, mapezi yanageuka unga mweupe unaodondoka ukiyagusa kwa kidole. Kuosha kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi kunaongeza maisha ya koili kwa kiasi kikubwa, na wakati wa kununua uliza mashine yenye koili iliyopakwa kinga ya kutu.

Povu lisipoonyesha kitu, gesi iliyobaki ihifadhiwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani, kisha mfumo ujazwe nitrojeni kavu na uachwe na geji. Nitrojeni tu. Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na mafundi wamekufa kwa kosa hilo. Na kama ni R32, ujue gesi hiyo inaweza kushika moto: madirisha yafunguliwe, hakuna sigara, hakuna kuchomea bomba lenye gesi ndani.

Panapovuja pakishazibwa, mabomba yafyonzwe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu. Wapo wanaofungua nati kidogo na kuipuliza hewa kwa gesi, wanasema inatosha. Kwa hewa yenye unyevu kama yetu haitoshi hata kidogo. Maji yanayobaki ndani yanaungana na mafuta, yanakuwa asidi, na asidi inakula waya za kompresa polepole. Kompresa inakufa mwaka unaofuata na hakuna anayekumbuka sababu. Pampu ifanye kazi nusu saa au zaidi, ifungwe, geji itazamwe kama inapanda.

Kisha gesi iingie kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, nusu kwa nusu, kwa hiyo inatolewa ikiwa katika hali ya maji ili mchanganyiko usiharibike. Mashine ya R22 haipokei R410A hata kama fundi anao mtungi huo peke yake siku hiyo: presha ni kubwa mno na mafuta yake ni tofauti. R22 inaondolewa sokoni duniani kote chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na itazidi kuadimika. Kwa hiyo koili ya mashine ya R22 ikishageuka unga, usigharamie koili mpya. Nunua mashine ya R32 ya inveta, yaani ile inayobadili kasi ya kompresa yake, na siku ya kufunga uwepo, uone pampu ya vakyumu ikitolewa kwenye gari kabla hujatoa malipo ya mwisho.